Shangingi Lililotumika: Historia ya Heshima Inayouzwa kwa Mkono wa Pili

Miongoni mwa maswali yanayowashughulisha watu wa tabaka la kati katika miji ya Afrika Mashariki, moja hurudi kila mara mtumishi anapopata mkopo wa mshahara au mfanyabiashara anapofunga hesabu nzuri: je, ninunue gari dogo lenye umri mdogo, au kwa fedha hiyohiyo nichukue shangingi lililokwisha kutembea kilomita laki mbili? Upande mmoja kuna gari la injini ndogo, la kiasi, ambalo hakuna mtu atakayegeuka kulitazama. Upande wa pili kuna Land Cruiser VX au Range Rover yenye viti vya ngozi, ambayo mlinzi wa lango huifungulia kabla hajauliza aliyemo ndani ni nani.

Mjadala huu huachiwa mafundi na madalali. Fundi atazungumzia injini, dalali atazungumzia rangi na namba. Ndugu msomaji, mimi nauona kuwa ni mjadala wa historia. Bei ya gari la kifahari hushuka kila linapobadili mikono, lakini gharama ya kulitunza haishuki pamoja nayo. Pengo kati ya mambo hayo mawili ndilo linalomeza mishahara ya watu, na halikuzuka jana katika yadi za magari. Limejengwa kwa miaka zaidi ya sabini, na dola zetu zilishiriki kulijenga.

Somo la Kongwa

Tuanze na tukio ambalo wanafunzi wa historia ya Tanganyika hulifahamu, ingawa ni nadra kulihusisha na magari yaliyotumika. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, ikikusudia kufyeka mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea ili kuwapatia Waingereza mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili. Matrekta mapya hayakupatikana kwa wingi uliotakiwa. Wasimamizi wakageukia mitambo iliyobaki vitani, mingi ikitoka katika maghala ya jeshi huko Ufilipino. Ilinunuliwa kwa haraka, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha ikapelekwa bara.

Kabla mwaka ule haujaisha, takribani theluthi mbili ya matrekta hayo yalikuwa yamelala. Mizizi ya mibuyu na ardhi ya Kongwa, inayokauka ikawa kama saruji, ilichangia. Hata hivyo mitambo ile ilifika ikiwa imechoka, bila kumbukumbu ya kazi iliyofanya, na katika nchi isiyokuwa na karakana wala vipuri vya kuihudumia. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, na hazina ya Uingereza ikafuta hasara ya karibu pauni milioni 36.

Sisemi kwamba mnunuzi wa Range Rover iliyotumika ni sawa na waziri wa kikoloni. Ninachosema ni kwamba kosa lina umbo lilelile: kutazama bei ya kununulia, kisha kusahau kuuliza chombo kilifanya kazi gani, nani alikihudumia, na nani atakihudumia kesho.

Gari la shamba lageuka gari la cheo

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover aliifikiria kuwa chombo cha mkulima: bodi ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita, na uwezo wa kupita matopeni. Katika makoloni chombo hiki cha shamba kilipewa kazi nyingine. Kilimbeba bwana shauri, kilimbeba mkusanya kodi, kilimbeba askari. Mwanakijiji aliyeiona Land Rover ikija hakufikiria kilimo. Alijua kwamba serikali imefika. Ukubwa wa gari na mamlaka vilifungamana katika macho ya watu kabla ya uhuru, na uhuru haukuvitenganisha.

Range Rover ya kwanza ya mwaka 1970 haikuwa ya kifahari kama tunavyoifikiria leo. Ilikuwa na milango miwili ya abiria, na ndani ilifunikwa kwa plastiki iliyoweza kuoshwa kwa maji ya mpira. Milango minne ilikuja mwaka 1981, na anasa ikaongezeka mwaka hadi mwaka. Toyota nayo ilipita njia iyo hiyo. Gari lililoanza mwaka 1951 kwa kuiga jipu la Wamarekani, likapewa jina la Land Cruiser mwaka 1954, lilibaki kuwa gari la kazi kwa miongo mitatu. Toleo la 60 la mwaka 1980 likaanza kulainika. Toleo la 80 lililofuata mwishoni mwa muongo huo, toleo la 100 la mwaka 1998 na toleo la 200 la mwaka 2007 yakawa vyumba vya mapokezi vyenye magurudumu.

Nchini Tanzania mabadiliko hayo ya viwandani yalikutana na siasa yetu. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa za kampuni au nyumba za kupangisha. Neno wabenzi lilikuwa limeshaingia katika lugha ya Afrika Mashariki kuwasuta wale waliopanda juu ya wenzao. Baada ya msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973 na Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikauka, na ilifika wakati magari binafsi yalizuiwa barabarani kuanzia Jumapili mchana. Matokeo yake hayakukusudiwa na mtu. Kwa kuwa raia hakuweza kununua gari, gari zuri likabaki kuwa alama ya ofisi pekee. Mtoto wa miaka ile alijifunza kusoma namba za magari kama anavyosoma vyeo: hili la serikali, hili la shirika la umma, hili la ubalozi, hili la mradi wa wafadhili.

Mlango unafunguliwa

Bajeti ya mwaka 1984, iliyosomwa na Cleopa Msuya, iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana walizipataje. Mwaka 1986 yakafuata makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, na mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza masharti ya uongozi. Mlango ukawa wazi, na bahari ikaleta magari.

Yalitoka Japani kwa sababu zinazoeleweka. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi. Sheria yao hulitaka gari binafsi likaguliwe miaka mitatu baada ya kununuliwa jipya, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Juu ya hayo kuna mazoea ya soko lao: gari likivuka kilomita laki moja thamani yake huanguka vibaya, hata kama injini ni nzima. Hivyo familia ya Nagoya au Osaka huona ni afadhali kuliuza. Gari huingia mnadani, hupewa karatasi inayoeleza kasoro zake kwa alama na herufi, kisha hupakiwa melini. Mengine hupitia Dubai, ambako biashara ya kuyauza tena kuelekea Afrika ilistawi.

Wakati huohuo wenye ofisi walihamia kwenye mashangingi. Neno lenyewe linastahili kutafakariwa. Katika lugha ya mitaani lilikuwa likimsema mwanamke wa makuu, anayejipamba ili atazamwe. Watu wakalipa gari la kigogo jina hilo, wakiwa wanalicheka na kulitamani kwa pumzi moja.

Serikali zilijaribu kujizuia. Mwaka 2009 Uhuru Kenyatta, akiwa Waziri wa Fedha wa Kenya, alitangaza kwamba magari ya viongozi yasizidi ujazo wa injini wa sentimita za ujazo 1,800, na mawaziri wakaletewa Volkswagen Passat. Wapo waliosita kuyaacha makubwa. Rwanda katikati ya muongo wa 2000 iliyakusanya magari ya kifahari ya serikali na kuyapiga mnada, ikawasaidia maofisa kununua ya kwao. Kwetu, Mizengo Pinda alipokuwa Waziri Mkuu alikemea hadharani gharama ya mashangingi.

Kwa mnunuzi wa mkono wa pili, mageuzi hayo yalikuwa na maana moja zaidi. Gari linaloondolewa serikalini halifi. Hupigwa mnada. Gari la mradi nalo, mradi ukiisha, huuzwa. Ndiyo maana katika soko letu la mashangingi kuna mito miwili inayokutana: mto wa Japani na Dubai, na mto wa ofisi na miradi ya humu humu.

Kilichobaki ofisini

Hapa ndipo kiini cha jambo. Waziri au mkurugenzi aliyepanda VX hakuwahi kuendesha gari peke yake. Nyuma yake palikuwa na dereva anayelipwa na umma, mafuta yanayolipwa na umma, na karakana. Tanzania ina wakala mzima, TEMESA, ambao kazi yake mojawapo ni kuyatengeneza magari ya serikali. Oili ilibadilishwa bila yeye kujua bei yake. Gari la mradi lilikuwa na ratiba ya matengenezo katika bajeti ya mfadhili. Mjapani wa Nagoya alikuwa na wakala wa kiwanda karibu na nyumbani.

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa, walisema wahenga. Anayelinunua gari hilo baada ya kilomita laki mbili ananunua kile kinachoelea. Walioliunda na kulitunza wamebaki walikokuwa. Dereva hayumo katika mkataba wa mauzo, wala karakana, wala fungu la vipuri. Mnunuzi amepata heshima ya ofisi bila bajeti ya ofisi.

Hesabu ya kodi inaanza kulionesha hilo mapema. Chukua gari lenye injini kubwa kuliko sentimita za ujazo 2,000, ambalo thamani yake kwa forodha, pamoja na usafirishaji na bima, ni 100. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 hulifikisha 125. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 hutozwa juu ya hiyo 125, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla. Umeshafika 162. Gari likizidi miaka kumi na kutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, jumla inavuka 200, bado hujagusa tozo ndogondogo na usajili. Tena thamani inayotumika ni ile inayokubaliwa na Mamlaka ya Mapato, ambayo huenda isilingane na risiti yako. Anayeshangilia gari rahisi la Yokohama hulipa bei yake mara mbili kabla hajawasha injini.

Baada ya hapo huja gharama zisizojua umri. Range Rover ya miaka ya 2002 hadi 2012 hukaa juu ya springi za hewa. Mipira yake ikipasuka na pampu ikachoka, gari hulala chini kama ngamia anayesubiri kupakiwa. Pampu hiyo haitauzwa nusu bei kwa sababu gari lako umelinunua nusu bei. Discovery 3, iliyotoka mwaka 2004, ina kazi fulani za injini ambazo mafundi wengi huona ni rahisi zaidi kuzifanya kwa kuinyanyua bodi nzima kutoka kwenye chesesi. Land Cruiser 100 ya petroli ya V8 ina sifa ya uvumilivu, lakini ina mkanda wa taimingi wenye umri wake maalumu, na kwa ratiba ya Japani umri huo huhesabiwa kwa kilomita laki moja. Aliyeiuza ikiwa na kilomita 98,000 alijua anachokikimbia.

Mita ya kilomita kama hati ya historia

Wanafunzi wa historia hufundishwa mapema kwamba hati haisemi ukweli kwa sababu tu imeandikwa. Huulizwa: nani aliiandika, kwa maslahi gani, na hati nyingine zinasemaje? Mita ya kilomita ni hati, na soko letu huisoma vibaya mara mbili. Kwanza huogopa namba kubwa kupita kiasi, jambo linalowapa wadanganyifu sababu ya kuirudisha nyuma. Pili huiamini namba ndogo bila ushahidi.

Ushahidi upo kwa anayetaka kuutafuta. Karatasi ya mnada na cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani huweza kuonesha kilomita za siku ile. Tairi huwa na tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa, na mikanda ya usalama ina lebo za tarehe. Tarehe hizo zikipingana na mwaka wa gari, kuna jambo limefichwa. Pedali iliyolika na usukani uliong'aa haviendani na kilomita elfu sitini. Katika magari mengi ya kisasa kilomita huandikwa pia katika kompyuta nyingine za gari, na fundi mwenye mashine ya kusomea anaweza kuzilinganisha. Uvungu nao husimulia: gari lililoishi kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huweza kuwa na kutu ambayo rangi mpya haiwezi kuificha daima.

Huku kwetu kuna upotoshaji mwingine, nao ni wa namba za usajili. Watu hujisifia gari la namba D au namba E kana kwamba herufi hiyo ni cheti cha kuzaliwa. Herufi inaeleza gari lilisajiliwa nchini lini. Gari la mwaka 2005 lililoshuka bandarini miaka kumi na tano baadaye lina herufi ya kijana na mifupa ya mzee. Namba ya chesesi ndiyo inayotaja umri.

Ukisoma hati kwa namna hiyo, hofu ya kilomita nyingi hupungua. Land Cruiser yenye kilomita 220,000 za barabara ndefu, iliyobadilishiwa oili kwa wakati na yenye daftari la matengenezo, ni chombo cha kuaminika kuliko yenye 80,000 za foleni za mjini na isiyokuwa na karatasi hata moja. Kwa anayefanya kazi Ngara, Turkana au Kivu, gari hilo la kwanza si anasa. Ni kifaa cha kazi, na kununua kifaa kilichotumika vizuri ni busara.

Anachokinunua raia

Taabu ni kwamba wengi wetu hatuendi Ngara. Twaenda ofisini, harusini na msibani, na katika sehemu zote hizo gari husemwa kabla ya mwenyewe kusema. Sitaki kuwalaumu wanunuzi kwa hilo. Mwalimu wa sekondari anayeegesha gari dogo kwenye ofisi ya umma na kuambiwa asogeze, huku shangingi likielekezwa kivulini, amefundishwa somo na taasisi yenyewe. Jamii inayomheshimu mtu kwa gari lake isishangae watu wakikopa ili waheshimiwe. Wanaokopa hawakuanzisha desturi hii. Waliikuta, na sasa wanailipia kwa makato ya kila mwezi.

Malipo hayo ni halisi. Shangingi likiharibika, kwanza hucheleweshwa oili. Kisha springi za hewa hubadilishwa kwa za chuma na vipuri hutafutwa kwa mtumba, Gerezani kwa wa Dar es Salaam au Kirinyaga Road kwa wa Nairobi. Mwisho huegeshwa uani likifunikwa turubai, mkopo wake ukiendelea kukatwa. Ada ya shule hushindana na giaboksi. Katika shindano hilo gari hushinda mara nyingi kuliko tunavyokiri, kwa sababu gari lililolala uani huonwa na majirani, lakini ada iliyochelewa huonwa na mhasibu wa shule peke yake.

Kwa hiyo ninayo mapendekezo mawili, moja la mtu binafsi na moja la umma. Kwa mtu binafsi: anayetaka gari la namna hii ajiulize kama angemudu kulitunza lingekuwa jipya, maana mahitaji yake ya vipuri na mafuta bado ni ya gari jipya. Jibu likiwa hapana, bei ndogo ya yadini haibadilishi jibu. Likiwa ndiyo, asiogope kilomita, adai karatasi, na aweke kando fungu la matengenezo kabla ya kusaini mkataba.

Kwa umma: matamko ya kupunguza mashangingi yamekuja na kupita, nayo yalipimwa kwa ukubwa wa injini pekee. Kipimo bora ni kuweka wazi gharama yote ya gari la ofisi kwa mwaka, yaani mafuta, dereva, vipuri na matengenezo, ili bunge na wananchi waione namba hiyo kando ya jina la ofisi. Raia akishaijua, atafahamu pia nini hasa kinachouzwa siku gari hilohilo linapofika mnadani, na ataamua kununua au kuacha akiwa na hesabu kamili mkononi.